Goti Langu na Kahawa ya Mkwe

Mama yangu alikataa kukimbia vita kwa sababu ya ndizi. Naanzia hapo, ingawa mchungaji wetu ameniomba niandike habari ya goti, maana wako watu katika usharika wanaoambiwa wakapasuliwe magoti na wanajificha migombani. Mimi niliishia darasa la tatu. Nikianza habari katikati napotea, kwa hiyo mnivumilie.

Wakati majeshi ya nduli wa Uganda yalipovuka mpaka na kuushika upande wa kaskazini wa mto Kagera, watu walishuka hadi kwetu Muleba na mbuzi, na magodoro, na kuku kwenye makapu. Nikamwambia mama, twende. Lakini mama alikuwa amefukia ndizi za pombe kwenye shimo, siku ya tatu hiyo, na ndizi za shimoni zinataka siku sita ndipo ziive sawasawa. Akaniuliza, "Nani atazitoa? Nduli?" Nikamjibu kwamba ndizi ni ndizi tu. Akanitazama kama mtu aliyetukana kanisani. Nikachukua mke na watoto tukatembea kwenda kusini mpaka Kimwani, na kule Kimwani aibu ikanishika, nikawaacha kwa shemeji yangu nikarudi peke yangu.

Nikamkuta mama ameketi kwenye kiti changu. Uani pamejaa wageni aliowaokota barabarani, na ndani ya mtumbwi wa kukamulia mwanamume mmoja wa Missenyi anakanyaga ndizi zetu huku mama anamgombeza: "Kisigino! Tumia kisigino! Au huko kwenu mnakanyaga kwa masikio?" Yule bwana alikuwa amepoteza nyumba na ng'ombe wote, na siku ile alicheka. Mama alikufa mwaka wa pili baada ya vita kwisha, kwa uzee tu, kitandani mwake. Tulilia kama watu wanavyolia. Hatukujua kwamba baada ya miaka si mingi kufa kwa uzee kutakuwa bahati.

Mtumbwi ule nikaurithi mimi. Ninaposema mtumbwi sisemi wa ziwani. Ni gogo lililochongwa tumbo, tunaliita obwato. Unaweka humo ndizi mbivu zilizomenywa, pamoja na nyasi, unaingia miguu mitupu, unakanyaga mpaka maji yatoke. Maji yale matamu hata mtoto anakunywa. Ukiyachanganya na mtama uliokaangwa ukayaacha yachachuke, unapata rubisi. Kazi ni ya wanaume na nguvu yake yote iko magotini. Mimi nilikuwa mkanyagaji. Posa, harusi, msiba, watu waliniita kutoka Kamachumu hadi huku kwetu, na sijisifu, waliobaki hai watasema.

Basi wanajeshi wetu wa mwisho waliporudi kutoka Uganda, kila kijiji kilikuwa na sherehe. Nilikanyaga mitumbwi mitatu kwa siku mbili. Katika ule wa tatu unyayo wa kulia ukanasa kwenye nyasi, mwili ukageuka, goti likabaki lilipo. Nikasikia tak! kama mtu amevunja muwa. Nikaendelea kukanyaga kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nyinyi wenye magoti, msikanyage kwa sababu ya watazamaji.

Tangu hapo goti likawa na tabia zake. Wiki mbili linatembea vizuri, halafu asubuhi moja unainuka, limejifunga. Halikunjuki, halikunjiki, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Unalitikisa, unalibembeleza, ghafla linafunguka lenyewe. Nitasema na hili, maana hamna mtu aliyenionya nalo: goti likijifunga chooni, kwenye choo chetu cha shimo, hakuna mbabe. Siku moja nilikaa humo mpaka jua likafika utosini. Mke wangu, Ma Koku, akaja nje ya mlango akauliza, "Ta Kaijage, umelala au umekufa?" Nikamwambia bado ninaamua. Akaingia akanivuta kwa makwapa. Hakuniangalia usoni, na mimi sikumwangalia, na mpaka leo namshukuru kwa hilo kuliko chakula chote alichonipikia.

Miaka ikaenda hivyo, mingi, na ndani ya miaka hiyo ukaja ule ugonjwa. Mwanzoni tuliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichotoka upande wa Uganda, kwa sababu waliokivaa ndio walioonekana kwanza kukonda. Baadaye hatukuuita jina lolote. Tulisema tu "huu". Ulifika wakati msiba haukumpumzisha mtu miguu, unatoka kuzika hapa unaambiwa na pale kaburi linachimbwa. Mdogo wangu akaondoka, na mkewe akamfuata kabla ya mavuno ya kahawa. Wakatuachia watoto wanne, nasi tulikuwa na wetu watano. Watoto tisa, kibanja kimoja cha migomba na kahawa, na mwenye kibanja anashika jembe huku ameegemea mgomba.

Sasa fikiria. Mguu usiofanya kazi unakonda. Paja langu la kulia lilinywea mpaka suruali ikawa inapepea upande mmoja. Watu wakaona. Na miaka ile mtu akikuona umekonda hakuulizi ni mguu gani. Dada yake Ma Koku akaja kutoka Bukoba, akakaa na ndugu yake jikoni, nikasikia minong'ono, na tangu siku ile Ma Koku akawa ananitandikia kitanda cha chumba cha watoto. Mimi nikakasirika. Nikamwambia ni goti! Akasema, "Sawa. Goti. Basi nenda hospitali wakalitazame goti, na wakikutoa damu, majibu uniletee mimi kabla ya kuniletea goti." Nilikaa bila kumsemesha siku nne. Siku ya tano nikaenda, maana alikuwa na haki, na maana mganga wa kienyeji niliyempendelea alitaka kunichanja kwa wembe uleule aliotoka kumchanjia mwingine, na Ma Koku ndiye aliyemnyang'anya wembe mkononi akautupa chooni.

Hospitali ilikuwa upande wa Bukoba. Jina lake siliandiki, walinitendea mema na sitaki wasumbuliwe. Nilikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Benchi la hospitali wakati ule lilikuwa la kimya sana, kila mtu anamchungulia mwenzake shingo na mashavu. Aliyevunja kimya alikuwa mwanamume wa makamo, mabega mapana, mguu ameunyoosha mbele kama mpini. Jina lake nitasema Magesa. Si lake la kweli. Alikuwa mvuvi wa sangara kwenye visiwa vyetu vya Muleba, mtu wa kuja kutoka upande wa Musoma, na boti lilimbana goti kwenye mwamba walipokuwa wanalivuta pwani.

Akaniuliza, "Mzee, wewe Mhaya?"

"Mhaya."

"Basi nisomee hapa." Akanipa cheti chake.

Nikamwambia mwandiko wa daktari siuwezi.

"Na wa mtu wa kawaida?"

"Polepole."

Akageuka kwa benchi zima. "Jamani njooni muone! Nimempata nshomile aliyekimbia shule!"

Nshomile maana yake nimesoma, ndivyo watu wa nje wanavyotutania Wahaya kwa majivuno yetu. Watu wakacheka, hata mama mmoja aliyekuwa amejifunika kanga mpaka puani. Nikamjibu, "Na wewe mvuvi, nchi kavu umefuata nini? Samaki wamekufukuza?"

"Wamenifukuza, mzee. Wamesema niende nikasome nao watanipa kazi."

Tukawa marafiki hapohapo.

Sista wa wodi, mama mmoja wa Kihaya mwenye sauti ya kengele, akatueleza wote wawili. Ndani ya goti kuna kitu kama mto mdogo unaozuia mifupa isisagane. Wetu umechanika, na kipande kinacheza humo ndani kikijisikia kinaziba. Kuna daktari mgeni kutoka Ulaya huja mara moja kwa mwaka, anakaa wiki moja, anatoboa matundu mawili madogo, anatia kidude chenye taa na jicho la kamera, anakiona kipande, anakitoa. Hakuna kupasua goti zima. Atafika baada ya majuma matatu. Wakatutoa damu. Halafu akatupa kazi ya kufanya nyumbani: lala chali, kaza paja, hesabu mpaka kumi, legeza. Mara hamsini kwa siku. Nikamwuliza nitakazaje paja ambalo halipo? Akasema, "Hilohilo ulilobakiwa nalo."

Nawaambia, fanyeni. Watoto wote tisa walikuwa wananizunguka wanahesabu kwa sauti, na wadogo walijifunza kumi yao kwenye paja langu.

Niliporudi kulazwa, Jumatatu ile, nilipewa majibu ya damu kwanza. Chumba kidogo, mama mmoja mpole, meza, kiti. Nilikuwa salama. Nilitoka nikasimama nyuma ya jengo, penye mapipa ya maji, nikalia mpaka kamasi. Ma Koku alikuwa amenisindikiza, nikamwonyesha karatasi. Akaisoma, yeye alifika la saba. Akaikunja mara nne akaitia kifuani. Akasema, "Sasa niletee goti," akaenda kupanda basi la kurudi kwa watoto.

Magesa naye aliingia chumba kile. Alitoka akasema, "Mama yule anaongea taratibu sana, nimesinzia." Sikumwuliza zaidi.

Kwenye ubao zamu yangu ilikuwa Jumanne, ya kwanza. Magesa alikuwa Ijumaa, wa mwisho, na Jumamosi daktari anapanda meli ya Mwanza kurudi kwao. Sista akaniambia jioni, usile kitu, usinywe kitu, mpaka utoke chumba cha operesheni. Nikasema ndiyo. Nilitii. Chai ya alfajiri ilipita na mkate wake, nikageukia ukutani.

Saa moja asubuhi akaja baba mkwe wangu.

Lazima muelewe mtu huyu. Alikuwa mzee wa Kamachumu, mrefu, kanzu nyeupe, koti juu, fimbo. Miaka ishirini nimemwoa binti yake na nilikuwa bado nashusha sauti akikohoa. Naye alikuwa amesikia kwamba nimekonda, na hakuwa ameingia kwangu tangu minong'ono ianze. Sasa binti amemwambia habari ya karatasi, naye amepanda basi la kwanza. Akasimama kando ya kitanda. Hakusema samahani, wazee wetu hawasemi. Akatoa mfukoni kile kikasha chake cha ukindu, akakifungua, akaninyooshea akamwani, buni zetu zile zilizochemshwa na majani na kukaushwa, za kutafuna.

Msomaji wangu, wewe wa mbali, kwetu hicho si kitu cha kula. Mtu hashibi kwa buni mbili. Ni salamu. Ukiingia nyumba ya mtu hujapewa, hujapokelewa, na ukipewa ukakataa, umesema kwa wazi kwamba humwamini mkono wake. Na huyu ni mkwe, miezi mingi hakunikanyagia mlango. Nikanyoosha mikono miwili nikapokea. Nikatafuna. Akanisogezea kikombe cha maji nisukutue, na mimi nikayameza, kwa sababu kutema mbele ya mkwe haiwezekani.

Sista akaja na machela. Akanitazama taya.

"Unatafuna nini?"

"Akamwani."

"Ta Kaijage! Nilikuambia usile!"

"Sijala, Sista."

"Kahawa si chakula?"

"Kahawa ni salamu."

Yeye mwenyewe ni Mhaya, nikaona midomo inamchezea. Lakini akageuza machela. Baba mkwe akapiga fimbo chini. "We binti, ni wa nani wewe? Tangu lini buni mbili zikamuua mwanamume?"

"Waitu, mzee wangu, akitapika amelala mezani ndivyo anavyokufa. Nimeona."

"Basi mchana."

"Mchana kuna mwingine. Kesho wawili, keshokutwa wawili, Ijumaa mmoja. Ubao umejaa, baba. Mpaka mwakani."

Mzee yule akakaa kitandani kwangu. Nilikuwa sijawahi kumwona ameketi mahali bila kukaribishwa. Akasema kwa Kihaya, polepole, "Nimekuharibia." Nikamwambia hapana, baba, umenipokea. Na ndivyo ilivyokuwa, vyote viwili.

Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za wodi. Mwaka mwingine. Nilihesabu moyoni: palizi mbili, mavuno ya kahawa, watoto tisa. Ma Koku peke yake na jembe. Nilikuwa nimeshawaona wanawake walioachwa peke yao na kibanja katika miaka ile, migomba inaanguka, watoto wanaanza kwenda kuombaomba sokoni Muleba. Nisipotembea, nyumba yangu inafuata njia hiyo. Sikuwa na jambo lingine duniani zaidi ya hilo.

Magesa akaja akichechemea, akajishusha kwenye ngazi, mguu mbele.

"Nasikia umepasuliwa na mkwe."

Nikalisugua goti langu.

Akasema, "Chukua ya kwangu. Ya Ijumaa."

"Na wewe?"

"Mzungu si atakuja tena mwakani?"

"Basi mwakani nije mimi."

Akachuna ngozi ya kidole muda mrefu. Kisha akasema, na utani umemtoka wote, "Mzee, yule mama mpole jana hakunisinzisha. Damu yangu ni mbaya. Sasa goti la kutumia mwaka mmoja, miwili, la nini? Mimi sina mke wala mtoto wa kunitazama nikitembea. Lako lina watu tisa. Chukua."

Miaka ile dawa haikuwapo, mkumbuke hilo, nyinyi mnaosoma leo. Kuambiwa vile kulikuwa kuambiwa kaburi.

Ningependa kuandika kwamba nilibisha sana. Nilibisha mara moja. Mara ya pili nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa jibu. Nililitaka lile goti. Nililitaka mbele ya mtu anayekufa, na nililipokea. Mchungaji ananiambia Mungu anaelewa. Sawa. Mimi nasema tu ilivyokuwa.

Akaenda kwa Sista akiniacha pale. Nikasikia anamwambia, "Mimi nimeahirisha. Mpeni huyu nshomile, ila mfungeni mdomo kwa kamba." Sista akamtazama, akanitazama, akafuta jina moja akaandika jingine. Nadhani alijua.

Ijumaa ikafika. Baba mkwe naye akafika, akakaa mlangoni pa wodi na fimbo yake, na kila aliyeingia na kapu alimwuliza umebeba nini. Muuguzi aliyeleta uji wa wagonjwa wengine alizuiwa na yeye mpaka Sista akaja kumtoa.

Walininyoa mguu kuanzia paja. Wakanichoma sindano ya mgongo, na usiogope hii, inauma kama siafu mmoja mwenye hasira, halafu miguu inakwenda zake. Ukiigusa ni kama unagusa mguu wa mtu mwingine. Nilikuwa macho. Daktari akageuza kitelevisheni kidogo upande wangu, na Sista akasema, "Tazama, hilo ni goti lako." Jamani. Ndani mwangu ni kweupe! Kweupe na kunang'aa kama tumbo la sangara, na maji yanatiririka, na ndani ya maji kitu kimechanika kinapeperuka kama kipande cha ganda la mgomba kwenye mfereji. Kikaja kimeno cha chuma kikakiuma. Nikakiona kinatoka. Waliniwekea kwenye kichupa: hakizidi ukucha wa kidole gumba. Hicho ndicho kilichonifungia chooni.

Miguu ilipoamka vizuri, maumivu yalikuja, siwadanganyi. Goti lilivimba kama boga. Siku ya pili wakanisimamisha kwa magongo, nikaona giza, nikaketi. Magesa alikuwa hajaondoka. Kitanda chake alishatoa, alikuwa analala kwenye banda la wanaouguza, na mchana anakuja kuniletea maji ya moto, kunishika kiuno, kunitukana. "Piga hatua, Mhaya. Au unangoja mkwe akusalimie?" Alinisindikiza mpaka msalani mara ya kwanza, akaniegemeza. Ma Koku alipokuja na ndizi na maharage tulikula watatu kwenye sinia moja. Sikumwambia mke wangu kitu. Nilipotoka, siku ya tano, Magesa alishikilia magongo yangu nikapanda basi, na mimi nikamwelekeza kwangu: shuka Muleba, ulizia Kaijage mkanyagaji.

Nyumbani ndiko kwenye kazi. Operesheni ni ya daktari, lakini kupona ni kwako na ni kwa kuchosha. Waliniambia nifunge mfuko wa mchanga mguuni, niketi kitini, ninyanyue, nishushe. Senene walipoanguka mwaka ule, Novemba, uwanja mzima watu wanakimbia na kupiga kelele, mimi nimekaa barazani na mchanga wangu nanyanyua nashusha, na mtoto mmoja wa marehemu mdogo wangu akaja akanimwagia senene hai mapajani akasema, "Hawa wako, usitembee." Mvua za Machi niliacha gongo moja. Wakati wa Pasaka nikaacha la pili. Kuna siku goti lilijaa maji tena, nikakata tamaa, nikamfokea Ma Koku kwa sababu ya chumvi. Akaniambia, "Goti limekuvimba kichwani." Akaniwekea kitambaa cha maji baridi, likashuka. Alikuwa amekwishanirudisha chumbani kwetu. Na siku moja, bila kutangazwa na mtu, nilichuchumaa chooni nikainuka. Nikatoka nikasimama mlangoni nikamshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakadhani pana habari.

Kiangazi, wakati wa kuvuna kahawa, nikasema sasa. Nikafukia ndizi. Nikaosha miguu. Niliingia mtumbwini huku nimeshika bega la Ma Koku, nikaanza polepole, kisigino, kisigino. Goti halikusema kitu.

Ndipo Magesa akaja. Alitokea njiani kwenye kahawa, na sikumtambua mpaka aliposema, "Nani amemfundisha msomi kukanyaga?" Mabega yale mapana yalikuwa kitundikio cha koti. Mguu ulikuwa bado mpini. Alikaa kwetu siku mbili. Kila mtu aliyepita uani alimtazama mara moja akajua, miaka ile hakuna aliyehitaji kuambiwa. Wengine walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Usiku wa kwanza nilimweleza Ma Koku yote, kwamba zamu niliyoichukua ilikuwa ya nani. Kesho yake rubisi ilipokuwa tayari, akaiweka kwenye kibuyu cha wageni, akampelekea kwa mikono miwili, akapiga magoti. Magesa akanywa kwa mrija. Ma Koku akakipokea kibuyu, hakufuta mrija, akanywa yeye.

Asubuhi ya tatu akasema anarudi visiwani, kuna boti Jumatano. Nikamwambia akae. Nikamwambia mengi, kwamba kitanda kipo, kwamba Ma Koku ataweza, kwamba asiende kulala kwenye vibanda vya wavuvi katika hali ile. Akasema, "Ninyi mnao tisa, mzee. Kumi ni tamaa." Nikataka kumpakia kwenye baiskeli, akakataa. Nikamsindikiza. Tulikwenda pole, yeye akichechemea, mimi nikipunguza hatua zangu nilingane naye, na nilikuwa naona aibu jinsi goti langu lilivyokuwa jepesi. Tulipofika mwisho wa kibanja akasimama.

"Tangulia mbele kidogo," akasema. "Nikuone kwa nyuma."

Nikatembea, hatua kama thelathini, nikageuka nikarudi.

"Zuri," akasema. "Hata kama ni la mtu asiyesoma."

"Twende nikufikishe barabarani."

"Hapana. Mimi nilikuja kuliona. Wewe rudi, una ndizi."

Akanipa mkono. Akageuka akashuka na njia, fimbo upande wa kushoto, akipita katikati ya migomba ya jirani yangu. Hakugeuka nyuma, wala hakurudi tena.